Dakika Kumi Jukwaani: Vigezo vya Kuhakiki Tamthilia Fupi za Aina Mbalimbali

Ikisiri

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya matini ndefu, na vigezo vyake vya msuko na ukuaji wa wahusika vimetokana na matini hizo. Makala haya yanajadili namna ya kuithamini tamthilia ya jukwaani inayochukua takriban dakika kumi. Hoja kuu ni kwamba tamthilia ya aina hii si tamthilia ndefu iliyokatwa, bali ni umbo linaloutumia muda kama malighafi yake ya kwanza, na kwamba kila aina ya drama huutumia muda huo kwa njia yake. Hoja hiyo inafafanuliwa kupitia kazi za August Strindberg, Samuel Beckett na David Ives, kisha inahusishwa na nyenzo za kiisimu ambazo Kiswahili humpa mtunzi wa tamthilia fupi, hasa salamu, uteuzi wa vitenzi na upatanisho wa kisarufi. Mifano ya mazungumzo ya Kiswahili imetungwa na mwandishi kwa ajili ya mjadala huu.

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha tamthilia fupi iliyoandikwa na mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Ilikuwa na wahusika wawili tu, baba na mwana, na mandhari yake yote yalikuwa kizingiti cha nyumba. Mwana amerejea baada ya kutoweka kwa miaka mingi. Baba hamkaribishi wala hamfukuzi. Taa zinazimwa kabla hatujajua kama mwana ataingia ndani. Pembezoni mwa ukurasa wa mwisho niliandika kwamba kazi hii haina mshuko wala suluhisho na kwamba wahusika wake hawakui, nikaipa alama za chini.

Majuma machache baadaye niliiona kazi hiyo hiyo ikiigizwa na wanafunzi wenyewe, katika ukumbi wa mihadhara usio na pazia. Taa zilipozimwa hadhira haikupiga makofi papo hapo. Watu walikaa kimya, kama wanaosubiri mlango ufunguliwe. Ndipo nilipotambua kwamba kile nilichokiita upungufu ndicho mtunzi alichokuwa amekijenga tangu kauli ya kwanza. Nilikuwa nimetumia kipimo cha kitu kingine.

Kosa hilo si la mtu mmoja. Tamthilia tunazofundisha na kutahini ni zile ndefu, na mafunzo ya uhakiki hufuata mkondo huo. Wakati huohuo, kazi ambazo wanafunzi wetu huziandika na kuzionyesha, pamoja na nyingi zinazoonyeshwa shuleni na katika mikutano ya kijamii, ni fupi. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya drama hai ya Kiswahili inatungwa bila uhakiki unaoifaa, na watunzi chipukizi wanasahihishwa kwa kanuni zinazowaelekeza kuharibu walichokifanya vizuri.

2. Kipimo tulichokirithi

Ni vyema kukumbuka asili ya kipimo chenyewe. Aristotle, katika sura ya saba ya Poetiki, anaeleza kwamba uzuri unahitaji ukubwa wa kadiri. Kiumbe kidogo mno hakiwezi kuwa kizuri kwa kuwa jicho halipati nafasi ya kutofautisha sehemu zake, na kikubwa mno hakiwezi kuonekana chote kwa mara moja. Vivyo hivyo, anasema, kisa kiwe na urefu unaoweza kushikwa na kumbukumbu. Hoja hii mara nyingi husomwa kama utetezi wa tanzia ndefu. Hata hivyo, kigezo anachokitoa hakihusu idadi ya saa. Kinahusu uwezo wa mtazamaji kuona sehemu na kuona kitu kizima. Kwa kigezo hicho, tamthilia ya dakika kumi haikataliwi kwa ufupi wake. Inatakiwa tu ithibitishe kwamba ina sehemu zinazoonekana.

Kipimo cha pili kina asili ya karibu zaidi. Mwaka 1863 Gustav Freytag alichapisha nchini Ujerumani kitabu kuhusu ufundi wa drama, na humo akachora mfano wa piramidi wenye hatua tano: utangulizi, kupanda kwa mgogoro, kilele, kushuka, na maangamizi. Mfano huo aliutoa hasa kwenye tanzia za Kiyunani, za Shakespeare na za watunzi wakuu wa Kijerumani. Ulikuwa maelezo ya kazi zinazochukua jioni nzima. Katika vitabu vya kiada maelezo hayo yamegeuka kuwa sharti, na hatua ya mwisho imepewa jina la upole la suluhisho. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kazi yake ya dakika kumi haina mshuko anahukumiwa kwa umbo ambalo halikuchorwa kwa ajili yake.

3. Tamthilia ya dakika kumi kama umbo

Drama fupi ni ya kale, na kila jamii yenye maigizo ina vipande vifupi vya kuchekesha, kukejeli au kufunza. Kilicho kipya ni kuufanya muda wenyewe kuwa sharti la utunzi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, ukumbi wa Actors Theatre of Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, chini ya uongozi wa Jon Jory, ulilipa umbo hili umaarufu kupitia mashindano na maonyesho ya kila mwaka. Kanuni ya kiutendaji iliyozoeleka ni rahisi: ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja jukwaani, kwa hiyo mswada hauzidi kurasa kumi. Wahusika huwa wachache, mandhari huwa moja, na vifaa vya jukwaani ni vile vinavyoweza kuondolewa haraka ili kazi inayofuata ianze.

Masharti haya ya nje yana athari za ndani. Tamthilia ya saa mbili inaweza kumpa mtazamaji dakika kumi za kuzoea ulimwengu wake. Tamthilia ya dakika kumi imekwisha wakati huo. Hotuba ya maadili inayochukua dakika mbili mwishoni mwa tamthilia ya saa mbili ni sehemu moja ya sitini. Hotuba hiyohiyo katika tamthilia ya dakika kumi ni sehemu moja ya tano. Ndiyo maana maigizo mengi ya kampeni, ambamo mhusika mmoja husimama mbele na kuieleza hadhira ilichopaswa kujifunza, huonekana mazito ingawa ni mafupi. Udhaifu wao hautokani na kuwa na ujumbe. Mtunzi ametumia sehemu ya tano ya mali yake kusema jambo ambalo sehemu nne za kwanza zilipaswa kulionyesha.

4. Aina za drama na matumizi ya muda

Swali la uhakiki, basi, ni namna gani kila aina ya drama huzitumia dakika zake. Mifano minne ifuatayo ina urefu unaokaribiana, lakini hesabu zake za muda zinatofautiana kabisa.

4.1 Futuhi: muda unaorudiwa

Katika Sure Thing ya David Ives, iliyoonyeshwa New York mwaka 1988, mwanamume anamkuta mwanamke akisoma kitabu mkahawani na anajaribu kuanzisha mazungumzo. Kila mmoja wao anapotamka neno lisilofaa, kengele inalia, na mazungumzo yanaanza tena kutoka mahali fulani kana kwamba kosa halikutokea. Kisa cha kawaida cha uchumba, ambacho tamthilia ndefu ingekigawa katika maonyesho kadhaa, kinapatikana kwa kufuta na kurudia.

Mhakiki anayetafuta ukuaji wa wahusika hatauona, kwa kuwa wahusika hawana kumbukumbu ya walikotoka. Anayekua ni mtazamaji. Yeye peke yake ndiye anayekumbuka majaribio yote yaliyoshindikana, na kicheko chake kinatokana na kumbukumbu hiyo. Kicheko hicho pia kinaacha swali chungu: kama mapenzi yanategemea kutokosea neno hata moja, ni uhusiano gani ungesalimika bila kengele? Futuhi fupi iliyo bora huacha swali la namna hiyo. Iliyo dhaifu huwa na mzaha mmoja ambao mtazamaji ameumaliza katika dakika ya tatu.

4.2 Drama ya kisaikolojia: muda uliopita

The Stronger ya Strindberg, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1889, inazidi dakika kumi kidogo, lakini inafaa kuchukuliwa kama chimbuko mojawapo la umbo hili. Wanawake wawili, wote waigizaji, wanakutana mkahawani katika mkesha wa Krismasi. Mmoja anazungumza muda wote. Mwingine hasemi neno. Anapoendelea kuzungumza, msemaji anaunganisha mambo madogo ya nyumbani kwake, zikiwemo ndara alizomtarizia mumewe, na taratibu anagundua kwamba mwanamke aliye mbele yake alikuwa na uhusiano na mume huyo.

Hapa hakuna tukio linalotokea jukwaani isipokuwa kutambua. Matukio yote yamekwisha. Tamthilia inaanza pale ambapo msuko wa kawaida ungekuwa unakaribia mwisho, na dakika zake zote zinatumika kulipa deni la miaka. Kimya cha mhusika wa pili si nafasi tupu. Kila mtazamaji hukijaza kwa jibu lake, na kwa sababu hiyo wahakiki hawajakubaliana hadi leo ni yupi kati ya wawili hao mwenye nguvu zaidi. Kutotatuliwa kwa swali hilo ndiko kunakoifanya kazi hii iendelee kuigizwa.

4.3 Drama ya ubwege: muda wa mzunguko

Beckett alikwenda mbali zaidi katika ufupi. Come and Go, aliyoiandika mwaka 1965, ina maneno machache kuliko ukurasa mmoja wa makala haya. Wanawake watatu wameketi sambamba. Kila mmoja anaondoka kwa zamu, na kila anapoondoka, mmoja wa wawili waliobaki anamnong'oneza mwenzake jambo kumhusu aliyeondoka. Hatulisikii jambo hilo, lakini mshtuko wa anayelisikia unatosha kutuonyesha kwamba ni zito. Mwishoni tunatambua kwamba kila mmoja anajua siri ya wenzake na hajui yake mwenyewe.

Piramidi haina nafasi katika kazi hii, kwa kuwa mwendo wake ni wa duara. Uzito unazaliwa na urudiaji: mara ya kwanza tunashangaa, mara ya pili tunashuku, mara ya tatu tunajua. Ingekuwa ya saa moja, urudiaji huo ungechosha. Kwa maneno mengine, ufupi ndio unaouwezesha muundo.

4.4 Drama ya kisiasa: muda wa mwisho

Katika Catastrophe, ambayo Beckett aliiandika mwaka 1982 kwa heshima ya Václav Havel aliyekuwa kifungoni, mwongozaji wa tamthilia na msaidizi wake wanampanga mtu mmoja aliyesimama juu ya jukwaa dogo. Wanambadilishia mavazi, mikono na mwinamo wa kichwa kana kwamba ni sanamu. Mtu huyo hasemi chochote. Mwishoni makofi yaliyorekodiwa yanasikika. Anainua kichwa na kuitazama hadhira. Makofi yanafifia na kukoma.

Karibu muda wote umetumika kuujenga utiifu ili tendo moja la sekunde chache liweze kuuvunja. Hakuna hotuba kuhusu uhuru. Mtazamaji anajikuta akitazamwa, na anajiuliza kama naye hakuwa akifurahia kupangwa kwa yule mtu. Kwa watunzi wetu wa maigizo ya kijamii, huu ni mfano wa namna ujumbe wa kisiasa unavyoweza kubebwa na mwili wa mwigizaji bila kutamkwa.

5. Kauli ya kwanza na nyenzo za Kiswahili

Mifano hiyo ni ya lugha nyingine. Mtunzi wa Kiswahili ana nyenzo zake, na hapa ndipo isimu inapoweza kuusaidia uhakiki wa fasihi. Tamthilia fupi haina nafasi ya kueleza usuli. Lazima usuli uwe ndani ya kauli zenyewe. Turejee kwa baba na mwana kizingitini, na tuchukulie kwamba mazungumzo yao yanaanza hivi:

Baba: Umerudi?
Mwana: Nimekuja tu.

Kitenzi rudi kinachukulia kwamba aliyefika ana mahali pake hapo. Kitenzi ja hakichukulii hivyo. Baba, kwa swali la neno moja, amempa mwanawe nafasi ya kuwa mwenyeji. Mwana ameikataa bila kusema kwamba anaikataa. Kiambishi -me- katika kauli zote mbili kinaonyesha tendo ambalo matokeo yake yapo sasa hivi mbele ya macho, na kwa hiyo tamthilia imeanzia katikati ya mambo. Maneno matatu yamefanya kazi ya onyesho zima la utangulizi.

Nyenzo ya pili ni salamu. Katika mazungumzo ya Waswahili salamu huwa mnyororo: hali, nyumbani, watoto, kazi, na kurudi tena. Tamthilia ndefu inaweza kuubeba mnyororo huo kama rangi ya mazingira. Katika dakika kumi salamu ni gharama. Mtunzi ama aiache, na hapo kutokuwepo kwake kutasikika kama dharau au dharura, ama aitwike kazi. Fikiria mwana anafika na kusema "Habari za hapa?" badala ya shikamoo. Baba ananyamaza kidogo, kisha anajibu "Marahaba." Amejibu salamu ambayo hakupewa. Katika futuhi, jibu hilo litaleta kicheko, hasa likirudiwa kila mwana anapofungua kinywa. Katika tanzia, neno hilohilo ni kilio cha mzee anayejitolea heshima aliyonyimwa. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni aina ya drama na kasi ya uigizaji. Mhakiki asiyeitambua aina hatajua aliyesikia nini.

Nyenzo ya tatu ni upatanisho wa kisarufi. Mke anayemzungumzia mumewe akianza kwa "Amelala" na kumalizia, dakika nane baadaye, kwa "Limelala," amemhamisha kutoka ngeli ya watu hadi umbo la ukubwa na dharau. Kiambishi kimoja kimeonyesha safari ya ndoa. Msomaji wa haraka atakipita. Hadhira inayozungumza Kiswahili itakisikia mara moja. Kwa hiyo ukuaji wa mhusika katika tamthilia fupi pengine haupaswi kutafutwa katika matendo makubwa. Unaweza kuwa umejificha katika silabi.

Nyenzo hizi zinafafanua pia ugumu wa kuzitafsiri tamthilia fupi za kigeni. Mtu akiitafsiri Sure Thing neno kwa neno, wageni wawili wataanza kuzungumza bila salamu, na hadhira yetu itaiona kengele ya kwanza kuwa imechelewa. Kosa la kwanza, kwa masikio ya Kiswahili, limekwishatendeka kabla ya neno la kwanza la mchumba. Mfasiri makini ataifanya salamu yenyewe kuwa uwanja wa majaribio na kengele.

6. Jioni moja, kazi nyingi

Tamthilia ya dakika kumi aghalabu haionyeshwi peke yake. Hutazamwa katika mfululizo, na mfululizo huo ni sehemu ya maana yake. Ukumbi wa Grand-Guignol jijini Paris, uliodumu tangu mwaka 1897 hadi 1962, ulijulikana kwa kupishanisha vipande vifupi vya kutisha na vya kuchekesha katika jioni moja. Hofu ilizidi kwa kuwa watazamaji walikuwa wametoka kucheka.

Tajiriba hiyo si ngeni kwetu. Katika maonyesho ya vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam, kama vile Muungano na Tanzania One Theatre, kichekesho kilikuwa sehemu ya jioni iliyochanganya ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu. Hadhira hiyo ilikuwa imezoea kubadili namna ya kutazama mara kadhaa kwa usiku mmoja. Ustadi huo wa watazamaji wetu haujapewa nafasi ya kutosha katika nadharia zetu. Wamezoea kuitambua aina ya kazi katika sekunde za mwanzo na kurekebisha matarajio yao, jambo ambalo msomaji wa matini moja ndefu darasani halazimiki kulifanya. Mhakiki wa tamthilia fupi anapaswa kurejea kwenye ustadi huo, na kila inapowezekana aione kazi jukwaani kabla ya kuihukumu.

7. Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba kila tamthilia fupi ni nzuri, wala kwamba ufupi ni fadhila. Kipande chenye mzaha mmoja, au kinachoishia kwa mahubiri, au kinachojaribu kupitisha miaka ishirini kwa kuzima taa mara sita, kitabaki dhaifu kwa kipimo chochote. Yanadai kwamba udhaifu huo uonyeshwe kwa vigezo vinavyohusika. Kutokana na mjadala uliotangulia, maswali matatu yanapendekezwa. Kwanza, kazi hii ni ya aina gani, na aina hiyo inautumiaje muda: inaurudia, inalipa deni la wakati uliopita, inazunguka, au inaulimbikiza kwa ajili ya tendo moja? Pili, kauli ya kwanza imebeba kiasi gani cha usuli, na kwa nyenzo zipi za lugha? Tatu, ni nini kimeachwa nje, na mtazamaji amepewa vya kutosha ili akijaze mwenyewe?

Swali la tatu ndilo linalotenganisha pengo na upungufu. Pengo lina kingo, na mtazamaji huhisi umbo la kile kisichokuwepo. Upungufu hauna kingo, na mtazamaji hajui hata atafute nini. Tamthilia ya baba na mwana ilikuwa na pengo. Mlango ulikuwepo, kizingiti kilikuwepo, na kila kauli ilielekea huko. Laiti ningeulizwa leo niisahihishe tena, nisingedai suluhisho. Ningemuuliza mtunzi kwa nini baba anazungumza mara mbili mfululizo katika ukurasa wa nne, mahali ambapo kimya cha mwana kingetosha. Hilo lingekuwa sahihisho la tamthilia aliyoiandika.